Njaa Isiyokwisha: Homoni za Njaa, Insulini na Kisukari

SOMO LA AFYA

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

• kueleza kazi ya insulini na maana ya usugu wa insulini;
• kutaja homoni zinazoleta njaa na zinazoleta shibe;
• kutofautisha njaa ya kawaida, njaa ya sukari iliyopanda na njaa ya sukari iliyoshuka;
• kuchagua hatua za nyumbani zinazotuliza njaa bila kuhatarisha maisha.

Kwa nini somo hili ni muhimu

Mtu mwenye kisukari anapoambiwa apunguze ugali, chapati na chai ya sukari, mara nyingi hukubali, hurudi nyumbani na kujaribu. Baada ya wiki mbili au tatu njaa humshinda. Siku ya kliniki inapofika, sukari yake huwa juu na huulizwa kwa nini hafuati masharti. Nyumbani huitwa mlafi. Baadhi huona aibu na kuacha kuhudhuria kliniki. Madhara makubwa huwapata wakiwa hawaangaliwi na mtu: macho kufifia, vidonda vya miguu visivyopona, figo kushindwa kufanya kazi, kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Sayansi ya miaka thelathini iliyopita imeonyesha kwamba katika kisukari cha aina ya pili njaa hiyo mara nyingi haitokani na ulegevu wa tabia. Mwili wenyewe unatuma ujumbe wa njaa usiolingana na mahitaji yake, na ujumbe huo unahusiana moja kwa moja na usugu wa insulini. Anayeelewa jambo hili anaweza kuitawala njaa kwa mbinu zinazofaa badala ya kupigana nayo kwa kujinyima na kushindwa kila mara.

Insulini hufanya kazi gani?

Mtu anapokula ugali, wali, muhogo, mkate au ndizi, tumbo na utumbo huvunja wanga uliomo na kuugeuza kuwa glukosi, ambayo ni aina ya sukari. Glukosi huingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho, kilicho nyuma ya tumbo, hutambua kwamba sukari imepanda na kutoa insulini.

Insulini ni homoni, yaani ujumbe unaosafiri katika damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Ujumbe wake ni huu: misuli ichukue sukari na kuitumia, ini liache kutengeneza sukari nyingine, na sehemu zenye mafuta ziweke akiba. Kwa mtu mwenye afya njema, saa mbili hivi baada ya kula sukari huwa imeshuka na kukaribia kiwango chake cha kawaida.

Insulini iligunduliwa mwaka wa 1921 mjini Toronto, Kanada, na Frederick Banting na Charles Best. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini la kuishi miaka mingi. Katika aina hiyo ya kwanza, kongosho huacha karibu kabisa kutengeneza insulini, na mgonjwa hulazimika kuidunga kila siku.

Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, huanza kwa njia nyingine. Insulini ipo, tena mwanzoni huwa nyingi kuliko kawaida, lakini misuli, ini na sehemu zenye mafuta haziitikii ipasavyo. Hali hii huitwa usugu wa insulini. Ni kama mtu anayebisha hodi mlangoni na waliomo ndani hawasikii vizuri. Inambidi abishe kwa nguvu zaidi. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi ili sukari iingie. Kwa miaka kadhaa huenda likafaulu, na mtu asijue lolote. Hatimaye kongosho huchoka, insulini hupungua, na sukari hupanda.

Wajumbe wa njaa na wa shibe

Njaa haianzii tumboni peke yake. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo hupokea taarifa kutoka kila upande wa mwili, kisha huamua kama mtu atafute chakula au aache kula. Wajumbe wakuu wanaopeleka taarifa hizo ni wanne.

Grelini. Homoni hii hutengenezwa zaidi katika tumbo. Iligunduliwa mwaka wa 1999 na wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakiwa miongoni mwao. Grelini hupanda kabla ya saa ya kula na hushuka baada ya kula. Huuambia ubongo: tafuta chakula. Pia huzuia kongosho lisitoe insulini nyingi wakati tumbo ni tupu, ili sukari ya damu isishuke kupita kiasi.

Leptini. Hii hutengenezwa na mafuta ya mwilini. Iligunduliwa mwaka wa 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Kadiri akiba ya mafuta inavyoongezeka, ndivyo leptini inavyoongezeka katika damu na kuuambia ubongo: akiba inatosha, punguza kula.

GLP-1. Homoni hii hutoka katika utumbo mara chakula kinapofika humo. Huchelewesha tumbo kumwaga chakula, huusaidia ubongo kuhisi shibe, na huliambia kongosho litoe insulini wakati sukari inapanda.

Insulini yenyewe. Wengi huijua kama homoni ya sukari tu. Lakini insulini hufika pia katika ubongo na kuwa mmoja wa wajumbe wa shibe. Kwa hiyo homoni inayosimamia sukari na homoni zinazosimamia njaa hufanya kazi katika njia moja.

Usugu wa insulini na njaa hukutana wapi?

Mahali pa kwanza ni katika ubongo. Kama vile misuli inavyoweza kuacha kuitikia insulini, ubongo nao unaweza kuacha kuitikia ujumbe wa shibe wa insulini na wa leptini. Mtu mwenye mafuta mengi mwilini huwa na leptini nyingi katika damu, na kwa hesabu ya kawaida angepaswa kushiba upesi. Lakini ubongo wake hausikii vizuri. Wataalamu huita hali hiyo usugu wa leptini. Mara nyingi usugu huu na ule wa insulini huwa pamoja kwa mtu mmoja.

Mahali pa pili ni tumboni. Wengi hudhani kwamba mtu mnene mwenye njaa ya mara kwa mara ana grelini nyingi. Vipimo vimeonyesha tofauti. Kwa watu wanene na wenye usugu wa insulini, grelini kabla ya kula mara nyingi huwa chini kuliko ya watu wembamba. Shida ni kwamba baada ya kula haishuki kwa kiasi kinachotakiwa. Mtu humaliza sahani yake, lakini ujumbe wa "umeshakula" huwa dhaifu.

Mahali pa tatu ni katika ini na misuli. Leptini inapofanya kazi vizuri huusaidia mwili kuchoma mafuta na kuzuia yasirundikane mahali pasipofaa. Mafuta yanaporundikana ndani ya ini na misuli, viungo hivyo huzidi kuwa sugu kwa insulini. Ini huendelea kumwaga sukari katika damu hata usiku mtu akiwa amelala. Ndiyo sababu mwenye kisukari anaweza kulala bila kula na bado akaamka na sukari ya juu.

Uthibitisho mkubwa wa uhusiano huu ulitoka kwa watu wenye ugonjwa adimu unaowafanya wasiwe na mafuta chini ya ngozi. Watu hawa ni wembamba, lakini wana njaa kali sana, ini lililojaa mafuta na kisukari kigumu kutibu. Kwa kuwa hawana mafuta ya kutosha, hawana leptini ya kutosha. Mwaka wa 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa hao leptini kwa sindano. Walikula kidogo kuliko awali, mafuta ya damu yalipungua, na sukari yao ikashuka sana. Homoni moja ya shibe ilitibu njaa na usugu wa insulini kwa pamoja.

Watafiti walitumaini kwamba leptini ingewasaidia pia watu wanene kwa kawaida. Haikuwa hivyo, kwa sababu hao leptini wanayo tayari. Ni ubongo usioisikia.

Lakini si kila mwenye kisukari cha aina ya pili ni mnene. Barani Afrika wapo wengi wanaougua wakiwa na uzito wa kawaida. Mafuta yaliyojificha tumboni na katika ini, urithi wa ukoo na umri vina nafasi yake. Kwa hiyo mkazi mwembamba mwenye dalili asijipe moyo kwamba kisukari hakimhusu.

Njaa tatu zisizofanana

Mwenye kisukari anapohisi njaa, swali la kwanza ni: hii ni njaa ipi? Kosa hapa linaweza kuwa hatari.

1. Njaa ya sukari iliyopanda. Sukari ikizidi milimoli 10 kwa lita hivi, figo huanza kuimwaga katika mkojo. Chakula kinaliwa, lakini nguvu yake inapotea. Misuli inakosa sukari ilhali damu imejaa sukari. Mtu huhisi njaa pamoja na kiu kali, hukojoa mara nyingi hasa usiku, huchoka, na pengine hukonda huku akila sana. Dawa ya njaa hii si chakula zaidi. Ni kushusha sukari kwa kutumia dawa ipasavyo na kumwona mhudumu wa afya.

2. Njaa ya sukari iliyoshuka. Hii huwapata hasa wanaotumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho, kama glibenklamidi, wanapochelewa kula, wanapofanya kazi nzito kuliko kawaida au wanapokunywa pombe bila kula. Njaa huja ghafla, pamoja na jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 4, hiyo ni dharura. Mgonjwa apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida au sharubati. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikipanda, ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali haraka.

3. Njaa ya homoni. Sukari ikipimwa inakuwa katika kiwango alichopangiwa na kliniki, hakuna jasho wala kutetemeka, na mtu amekula si muda mrefu uliopita, lakini bado anatamani kula. Hapa ndipo wajumbe wa njaa na shibe hawaelewani na ubongo. Njaa hii haiui, lakini ndiyo inayovuruga mpango wa chakula siku baada ya siku.

Mwenye mashine ya kupima sukari nyumbani apime kabla ya kuamua. Asiye na mashine na anayehisi dalili za sukari kushuka achukulie kwamba imeshuka, atumie sukari kidogo kama ilivyoelezwa, kisha afike kituo cha afya.

Kwa nini kujinyima chakula ghafla hushindwa

Wapo wanaoamua kula mara moja tu kwa siku, au kuacha kabisa vyakula vya wanga baada ya kupewa majibu mabaya. Uzito hupungua kwa wiki chache, kisha njaa huzidi na uzito hurudi. Hali hii ina maelezo.

Mwili huchukulia kupungua kwa uzito kama dalili ya ukame. Grelini hupanda na leptini hushuka ili mtu atafute chakula. Mwaka wa 2011 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 50 wanene waliopunguza uzito kwa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa mwanzo, na wahusika walikuwa bado wakihisi njaa kuliko kabla ya kuanza.

Somo hapa si kwamba kupunguza uzito hakufai. Kunafaa sana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa katika makundi. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni chini ya kilo 6.

Linalotakiwa basi ni mpango ambao mtu anaweza kuuishi kwa miaka, unaotuliza njaa huku ukipunguza sukari. Anayetumia insulini au vidonge vya kulisukuma kongosho asiruke mlo wala kuanza kufunga, iwe ni Ramadhani au Kwaresima, kabla ya kushauriana na daktari kuhusu kubadilisha dozi.

Hatua zinazotuliza njaa na kuusaidia mwili kuitikia insulini

Usingizi wa kutosha. Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipima vijana 12 wenye afya baada ya kulala saa nne kwa usiku mara mbili mfululizo, wakalinganisha na siku walizopewa saa kumi kitandani. Walipolala kidogo leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ilipanda kwa asilimia 28, na njaa waliyohisi iliongezeka kwa asilimia 24. Kukosa usingizi pia huongeza usugu wa insulini. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi kila usiku. Walinzi, wahudumu wa bodaboda na wengine wafanyao kazi usiku wapange muda wa kulala mchana mahali penye giza na utulivu.

Sahani iliyopangwa. Nusu ya sahani iwe mboga kama sukuma wiki, mchicha, kunde, kabichi au terere. Robo iwe ugali, wali, chapati, viazi au muhogo. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, mbaazi, samaki, omena, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu zaidi na husaidia homoni za shibe kufanya kazi. Ugali mtupu na mchuzi huongeza sukari upesi na huacha njaa irudi mapema.

Mboga na protini kwanza. Anayeanza na mboga na maharagwe, kisha akamalizia na ugali au wali, hupandisha sukari polepole kuliko anayeanza na wanga. Mpango huu haugharimu chochote. Chakula ni kilekile, kilichobadilika ni mpangilio wa kula.

Kula polepole. Homoni za utumbo huhitaji muda kuufikia ubongo, yapata dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika tano huongeza nyingine kabla ujumbe wa shibe haujafika.

Kuacha kunywa sukari. Soda, sharubati za dukani na chai yenye vijiko vingi vya sukari huingiza sukari nyingi bila kuleta shibe inayolingana nayo. Maji, au chai isiyotiwa sukari, ni bora. Anayepunguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki huzoea bila taabu. Soda au sukari itumike kama dawa tu, pale sukari ya damu inaposhuka chini ya 4.

Kutembea baada ya kula. Misuli inayofanya kazi ina uwezo wa kuchukua sukari hata bila insulini nyingi. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 baada ya chakula hushusha sukari ya mlo huo. Kulima, kuchota maji na kwenda sokoni kwa miguu ni mazoezi pia.

Saa maalumu za kula. Grelini hujifunza ratiba. Anayekula saa zilezile kila siku, grelini yake hupanda saa hizo. Anayedokoadokoa mchana kutwa huufundisha mwili kudai chakula mchana kutwa.

Dawa na njaa

Metformini hupunguza sukari inayotoka katika ini na kuusaidia mwili kuitikia insulini. Haiongezi uzito, na kwa baadhi ya watu hupunguza kidogo hamu ya kula. Ikitumiwa pamoja na chakula, kichefuchefu huwa kidogo.

Insulini na vidonge vinavyolisukuma kongosho hushusha sukari vizuri, lakini vinaweza kuongeza uzito na, dozi ikizidi au mlo ukikosekana, kuleta njaa ya sukari iliyoshuka. Anayehisi njaa kali kila siku saa fulani amweleze daktari. Huenda dozi inahitaji kupunguzwa au kuhamishwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Katika miaka ya karibuni zimepatikana sindano zinazoiga homoni ya GLP-1, kama semaglutidi. Hushusha sukari, huongeza shibe na hupunguza uzito. Bei yake ni ya juu, zina madhara kama kutapika na kuharisha, na mtu anapoziacha njaa na uzito hurudi mara nyingi. Zitumiwe kwa maagizo ya daktari pekee. Sindano zinazouzwa mitandaoni au mitaani bila cheti cha daktari zisinunuliwe.

Wajibu wa familia

Chakula cha mwenye kisukari si chakula cha adhabu. Sahani iliyoelezwa hapo juu inafaa watu wote wa nyumba moja, watoto wakiwemo. Familia inayompikia mgonjwa peke yake chakula kisicho na ladha, kisha ikala chapati mbele yake, humwongezea mzigo. Badala ya kumwita mlafi, mke, mume au watoto wanaweza kumuuliza: umepima? umekula saa ngapi? usiku ulilala vizuri? Majibu ya maswali hayo matatu husaidia kujua njaa hiyo inatoka wapi.

Nani apimwe, na wapi

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kila kumi nchini Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Wanaopaswa kupimwa mapema ni wenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, wenye tumbo kubwa, wenye shinikizo la damu, wanawake waliopata kisukari wakiwa wajawazito, na yeyote mwenye kiu, mkojo wa mara kwa mara au njaa isiyokwisha.

Kabla ya kula asubuhi, sukari ya 7.0 au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo kwamba usugu wa insulini huenda umeanza, na ndio wakati bora wa kuchukua hatua. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kiitwacho HbA1c, kikiwa asilimia 6.5 au zaidi, nacho huonyesha kisukari.

Mashine ya kupima sukari ni miongoni mwa vifaa walivyopewa wahudumu wa afya ya jamii kote nchini kuanzia Septemba 2023. Mkazi anaweza kumuuliza mhudumu wa kijiji chake, au kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wagonjwa waliowahi kuacha kliniki kwa sababu yoyote wanakaribishwa kurudi. Wanapofika, waeleze waziwazi kuhusu njaa yao: inaanza saa ngapi, inaambatana na dalili gani, na walikula nini kabla yake. Maelezo hayo ni sehemu ya matibabu.

Maswali ya kujipima

1. Mtu amelala bila kula, lakini asubuhi sukari yake iko juu. Sababu mojawapo ni ipi?
2. Kwa nini sindano ya leptini haimsaidii mtu mnene wa kawaida?
3. Mgonjwa anayetumia insulini amepatwa na njaa ya ghafla, jasho na kutetemeka. Afanye nini kwanza?
4. Taja mambo mawili yasiyogharimu pesa yanayopunguza njaa ya homoni.

Majibu

1. Ini lililo sugu kwa insulini huendelea kumwaga sukari katika damu usiku.
2. Leptini anayo tayari kwa wingi. Ubongo wake ndio usioisikia vizuri.
3. Apime sukari ikiwa mashine iko karibu. Ikiwa iko chini ya 4, au hakuna mashine, atumie vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale.
4. Yoyote mawili kati ya haya: kulala vya kutosha, kula mboga na protini kwanza, kula polepole, na kula kwa saa maalumu.